Uzi Mnene

Lusenge alileta mbuzi wa kwanza wa mahari yangu, kisha akaenda Manguredjipa kutafuta dhahabu ya kununua wengine. Vita vilikuwa njiani kote. Mwaka ulipita hakurudi.

Sisi tulikuwa wanne tuliopiga violon, vinanda vya nyuzi, kanisani Butembo: mwalimu Ananie, Jokébed, Timothée, na mimi kwenye ile kubwa inayoshikwa kwa magoti. Ni vyombo vya kale walivyoacha mapadri. Uzi wa chuma utavivunja shingo. Vinataka nyuzi za utumbo wa mbuzi. Jumapili tulipaswa kupiga kwa ajili ya waliouawa katika njia ya Manguredjipa. Jumatatu uzi wangu mnene ukakatika.

"Kavugho, mbuzi imebaki kwenu tu," Ananie akasema. "Ingine yote baaskari balishakula."

"Hapana, Mwalimu. Mbuzi ya mahari hawachinje mbele arusi ifike."

"Lakini mama yake Lusenge ameandikisha jina la mutoto wake ku orodha ya bale balikufa."

"Mulifute. Mbuzi yake iko muzima, na yeye vile vile."

Jokébed alipiga makofi. "Kumbe huyu iko na kinywa!"

Kesho yake askari wakamfungua mbuzi uani kwetu. Nilijificha nyuma ya mlango, nikamsikia akilia mpaka chini barabarani. Baadaye nikafuata moshi, hadi kwenye kizuizi chao.

"Naomba matumbo," nikamwambia mmoja wao, nikitazama miguu yangu.

"Ntaba imeisha, dada, mbuzi yote tumekula. Unaenda kupikia bwana yako mavi?"

"Ndiyo."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha wakanitupia matumbo katika vumbi.

Niliyaosha kwa maji ya majivu, nikakwangua mafuta kwa kisu butu, nikayasokota, nikayavuta kati ya misumari miwili ukutani. Yalikauka siku tatu. Sikumwambia mtu yalikotoka.

Jumapili kanisa lilijaa. Mama yake Lusenge, Anne-Marie, alikaa mbele. Ananie akaja kwenye kiti changu na orodha mkononi.

"Nililifuta jina," akaninong'oneza. "Nalo likae vile?"

Nilikuwa nakaza uzi. Bado ulinuka mbuzi. Niliuvuta kwa kidole, ukashika sauti, nzito, safi.

"Mulirudishe," nikasema.

Akatafuta kalamu mfukoni. Jina la Lusenge lilisomwa la mwisho. Anne-Marie hakulia, alinitazama tu. Kisha nikaanza, peke yangu, kwa uzi ule, na wale watatu wakafuata.