Kandamiza, Mtani

Watu wa Kirumba wananiambia nisahau, eti ulikuwa utani tu. Nisahau mimi? Wasahau wao.

Mume wangu Nurdin ni fundi kompyuta, Mzaramo. Mhoja naye fundi, Msukuma. Wazaramo na Wasukuma ni watani: hutukanana, hunyang'anyana hata mboga mezani, na anayekasirika ndiye aliyekosa adabu. Hawa wawili walitaniana mpaka kazini. Nurdin mtu wa Intel, Mhoja wa AMD, na kila mmoja aliziita prosesa za mwenzake, ule ubongo wa kompyuta, takataka.

Kibanda chetu kilipovunjwa kupisha barabara, tukabaki hatuna pa kufanyia kazi. Mama Wilhelmina, mwenye duka la vifaa vya shule, akasema ana chumba kimoja cha fundi. Atakayefufua kompyuta yake ndiye atakayekipata. Mhoja naye alikitaka, ila Nurdin akatangulia kujaribu. Kuifungua, kumbe ni AMD, na prosesa imekufa.

Akatafuta nyingine iliyotumika, nzima kabisa. Ila hakuwahi kupachika za aina hiyo. Zile za Intel alizozizoea, unabana kifuniko kwa nguvu, kinalia kidogo, na fundi hashtuki. Hii ilikuwa na miguu myembamba chini. Unaidondosha tu kwenye matundu yake, ikikataa unaacha. Yeye hakujua. Akamuuliza Mhoja mbele yangu, "Mtani, na hii inakandamizwa?"

"Kandamiza, mtani. Ikilia ndiyo inaingia."

Nilidhani riziki ya mtu haitaniwi. Nurdin naye alidhani hivyo. Akakandamiza, ikalia, miguu ikapinda, mingine ikakatika. Mhoja akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kuleta prosesa yake, akaidondosha kwa vidole viwili, kompyuta ikawaka. Mama Wilhelmina akampa ufunguo.

"Una roho ya korosho wewe," nikamwambia Mhoja. "Mimi Mkerewe, sina utani na wewe."

Unajua nani alinigeukia? Nurdin. Akasema namwaibisha mbele za watu, nimwombe radhi mtani wake. Macho yake mekundu, lakini meno nje kama anayecheka. Nikaomba radhi. Mhoja akapokea, akasema watani hawatupani, kwa hiyo Nurdin anaweza kuja kufagia kile chumba na kufuta vumbi kwenye mashine za wateja.

Nurdin akacheka sana. Kesho yake akaamka mapema, akaniuliza ufagio uko wapi.