Akeyo Hasemi Amina

Mimi nikikutazama usoni najua kama unanificha kitu, na Akeyo alikuwa ananificha kitu.

Sisi kina mama wa ushirika wa Alhamisi hapa Lanet, mimi nikiwa kiongozi, humaliza kwa kuombea wagonjwa. Wa kwanza kutajwa ni Mugure. Alivimba miguu, ndugu yake akamchukua kwenda kumtunza kwake Dundori, na tangu hapo hatujawahi kuruka jina lake. Sasa nikaona ajabu. Mgonjwa mwingine akitajwa, Akeyo anaitikia Amina kama sisi sote. Mugure akitajwa, Akeyo anafunga mdomo na kuangalia zulia.

Kwani Mugure alimkosea nini? Nikawaza, nikawazua, kisha nikakumbuka. Mugure ndiye aliyekuwa akituongoza nyimbo, na alipougua Akeyo akachukua nafasi yake. Kumbe ndiyo hiyo. Aliyekalia kiti cha mgonjwa ataombaje mgonjwa apone? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumchunga. Nikaona jinsi anavyotoka mapema, asivyokunywa chai nasi, anavyonikwepa macho. Kila kitu kilinipa jibu lile lile.

Nikamwambia Mzee Ephantus, mzee wetu wa kanisa. Akasema atakuja Alhamisi amwondoe kwenye nyimbo mbele ya watu wote, iwe funzo. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa, najiona mlinzi wa kundi.

Lakini mimi si mtu wa kusengenya pekee, husema na usoni. Alhamisi mchana, kabla ya ushirika, nikaenda kwake nikamkuta anakata sukuma wiki.

"Dada, niambie ukweli. Wewe hutaki Mugure apone?"

Akaweka kisu chini.

"Mugure alikufa, Naliaka."

"Nani amesema?"

"Nilipanda Dundori kumwona. Nikaonyeshwa kaburi, na nyasi zimeshaota juu."

"Na ukatuacha tunaendelea kumwombea?"

"Ningesema aje? Hata mimi nilienda nimechelewa. Nikaona aibu. Nikasema nitangoja mtu mmoja tu aulize anaendeleaje, nimwambie. Hakuna mtu ameuliza."

Sikumwamini hata kidogo. Mtu akibanwa husema lolote. Nikatoa simu nimpigie Mugure pale pale, nimuumbue huyu mwongo. Nikatafuta jina, nikatafuta tena. Sikuwa na namba yake.

Akeyo akanipa ya yule ndugu. Nikapiga. Alikuwa mpole. Akasema ni kweli, walimzika kabla ya mvua kuanza.

"Na wewe mama, ulikuwa nani wake?"

Nikakata simu nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sasa ilikuwa kwangu.

Jioni Mzee Ephantus alikuwa amefika, amevaa koti, uso umekazwa. Mama mmoja akaanza kuomba kwa nguvu, "Bwana, muinue Mugure kitandani," na wote wakasema Amina.

"Mugure amezikwa," nikasema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaongoza kumwombea."

Mzee akakohoa, akauliza habari ya Akeyo ni ipi basi.

"Akeyo abaki na nyimbo zake. Nilimsingizia." Nikawageukia wenzangu. "Nangila wa nyuma ya kambi ya jeshi, tunamwombea mgongo. Nani amemwona?"

Wakatazamana.

"Basi hata kama anapumua hatujui," nikasema, nikachukua leso yangu. Akeyo akasimama, na wengine nyuma yake, wanatafuta viatu mlangoni.

Mzee Ephantus akasema tufunge kwanza kwa sala.

Nikamwambia tutasali njiani.