Chelezo cha Unenepo

Katika nchi ya Unenepo, ambako hata kupiga chafya kulihitaji kibali, maendeleo yalipimwa kwa chelezo. Kila baada ya mavuno wanyama wote walipanda chelezo kimoja kikubwa kilichofungwa ukingoni mwa mto, Mfalme Kifaru akikaa katikati. Maji yakiipita alama ya mwaka uliopita iliyochongwa ubavuni, basi nchi imekua, na ghala la akiba lililo ng'ambo halifunguliwi. Nchi iliyokua ina njaa gani?

Mwaka huo Mama Digidigi alipanda na wanawe watatu, mbavu nje nje. Majani yote mazuri ya bondeni yalikuwa yameishia tumboni mwa Mfalme. Ghala lisipofunguliwa leo, kitinda mimba wake hataifikia wiki ijayo, naye mama alilijua hilo.

Mbweha, Waziri wa Neema, akachungulia majini. "Hongereni wananchi! Tumekua kwa vidole viwili!"

Vigelegele! Punda Milia alishangilia mpaka akaona kizunguzungu, maana hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Mama Digidigi, "mbona mimi sioni nilipokua?"

"Wewe mama nawe! Inayokua ni nchi, si wewe. Neema itakushukia, subiri tu."

"Nimesubiri mavuno manne, jamani!" Akameza hasira, akamgeukia Mfalme, akainama kwa adabu zote. "Mtukufu, hebu shuka kidogo, tuone jinsi ulivyotukuza sisi wengine. Sifa zote zitakuwa zako."

Mbweha akakohoa kwa nguvu. Lakini Kifaru alipenda sifa kuliko hata majani, akashuka.

Lo! Chelezo kikaibuka juu, na alama za miaka yote zikabaki kavu. Wanyama wakatazamana, wakaona haya, kisha wakaona uchungu. Hakuna aliyetoa amri. Punda Milia aliinamia kamba tu, akaitafuna mpaka ikakatika.

"Rudini!" Kifaru alinguruma ukingoni. "Bila mimi nchi imeporomoka!"

Mbweha, aliyekuwa bado chelezoni, akasafisha koo. "Ndugu wananchi, kwa mujibu wa vipimo vya hivi punde..."

Mama Digidigi akamsukumia kasia. "Piga kasia, Mheshimiwa. Watoto wana njaa."

Akapiga.