Kuku wa Minza

Pamba ilikuwa imerundikwa barazani, na Minza alikaa juu yake akiwa amenyoosha mguu wa kushoto. Binti yake Salu alichuchumaa mbele ya unyayo akichokonoa kwa sindano. Kwenye kisigino palikuwa na doa jeusi, kubwa kama punje ya mahindi. Walikuwa wakilichokonoa tangu wakati wa palizi, kwa sababu pale Nkololo kila mtu alijua kwamba ni mwiba wa mgunga uliokatikia ndani.

"Umeuona?" Minza aliuliza.

"Sijauona, mayu. Inatoka damu tu."

"Chimba. Mwiba hauna miguu, utakwenda wapi?"

Ulikuwa umekwenda. Msimu wa kuuza pamba ulipofunguliwa, doa lilikuwa limepasuka na linanuka, na Minza alikuwa na mtoki mgumu kinenani. Salu alimpakia mama yake juu ya magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda Bariadi. Magunia waliyaacha kwa mnunuzi wa kwanza waliyemkuta njiani. Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wengi, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani ulisema lake.

Hospitali waliyofikia ilikuwa ya mwekezaji, ndani ya ghala la zamani la chama cha ushirika. Ukutani maandishi ya zamani yalikuwa hayajafutwa: upande mmoja PAMBA SAFI, upande wa pili PAMBA FIFI, yaani ile chafu ya daraja la pili. Waliolipa wakifika walilazwa chini ya SAFI. Minza alilazwa chini ya FIFI.

Daktari Novatus aliukagua unyayo muda mrefu.

"Nani amekuwa akichokonoa hapa?"

"Mimi," Salu alisema.

"Basi acha. Huu siyo mwiba. Ni saratani ya ngozi, aina ya nadra, na haikai ilipozaliwa. Kabla sijakata mguu lazima nijue imefika wapi. Ini, mapafu, mifupa, kichwa. Inatakiwa picha ya mwili mzima, kuanzia utosini mpaka unyayoni."

"Mpigeni basi, daktari."

"Mashine hiyo haipo hapa. Iko nje."

Salu akatazama mlangoni.

"Nje ya nchi, dada."

Salu alimbeba mama yake mgongoni mpaka nyuma ya soko, kwa nfumu Mwandu, aliyekuwa akiagua kwa kuku. Mgonjwa humtemea kuku mate mdomoni, na tangu hapo kuku huyo ndiye mgonjwa. Nfumu humchinja, humpasua, kisha husoma ndani. Mwandu alikuwa kizingitini akinoa kisu huku akisikiliza mpira redioni.

"Mwadila, baba," Salu alisema.

"Mwadila. Ngojeni hii kona ipigwe."

Kona ilipigwa, ikatoka nje. Mwandu akachukua mtetea mwekundu waliyekuja naye, akamfungua mdomo. Minza akatema. Manyoya ya kuku yakapauka, yakawa meupe, kisha yakawa kama maji kwenye glasi. Ngozi ikafuata, halafu nyama. Ndani hamkuwa na firigisi wala gole. Mlikuwa na mapafu ya mtu na ini la mtu, vyote vidogo na kila kimoja mahali pake, pamoja na ubavu ambao Minza aliwahi kuvunjwa na maksai. Kwenye kisigino cha kuku palikuwa na doa jeusi. Kinenani palikuwa na jingine. Kwingine kote kulikuwa kweupe.

Mwandu alirudisha kisu kwenye ala.

"Huyu hachinjwi. Nikimchinja nitakuwa nimechana picha. Mpelekeni kwa huyo daktari wenu." Kisha akadai ujira wa kuchinja.

Daktari Novatus alimwinua kuku kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza ubavu huu na ubavu huu.

"Picha nzuri," alisema. "Mapafu safi. Ini safi. Imeishia kinenani. Tukikata sasa, mama anapona."

Nesi Felisita alikwenda kuchemsha vyombo. Salu alikaa chini, akaegemeza kichwa kwenye chaga ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu palizi akasinzia.

Alipoamka vyombo vilikuwa vimepoa. Mwekezaji alikuwa amefika na wageni wake, wamemzunguka kuku. Walisema picha safi namna ile haijawahi kuonekana. Walisema ingekuwa aibu daktari mmoja wa Bariadi kuiamulia peke yake, mabingwa walioko Dar es Salaam hawajaiona. Kuku alipewa mchele. Shangingi likaletwa, kuku akatiwa kapuni, kapu likawekwa kiti cha mbele na kufungwa mkanda.

"Na mama?" Salu aliuliza.

"Mama si yumo humo humo?" mwekezaji alisema. "Mwili wake wote umo."

Minza aliangalia vumbi likienda kuelekea Lamadi.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "tangu nizaliwe sijapanda gari la vioo. Leo nimepanda nusu."

Wakangoja. Simu ya kwanza ikasema picha imefika salama. Simu ya pili ikasema kuna kitone kwenye ini ambacho Bariadi hawakukiona. Daktari Novatus alisema hawakukiona kwa sababu hakikuwepo.

"Basi kata," Salu alisema.

"Siwezi. Nikikata mguu huku, kuku atakatika mguu kule, na mabingwa bado wanaangalia. Ugonjwa huu haujawahi kuonekana ukitembea. Sasa wanauona unatembea."

"Daktari, unatembea ndani ya mama yangu."

"Ndiyo," alisema Daktari Novatus. Alikuwa mtu mpole. "Ndiyo maana picha ni nzuri."

Salu alipiga magoti. Felisita alimwinua, akampa chai. Alipiga magoti tena mbele ya gari la mwekezaji, na dereva akazima injini, akasubiri kwa adabu mpaka magoti yamchoke. Minza sasa alikuwa anakohoa, na kila alipokohoa Felisita aliangalia simu, maana kikohozi hicho hicho Dar es Salaam walikuwa wameshakiona kwa kuku na kukipigia simu.

Ndipo Salu akamuuza maksai mmoja wa mkokoteni, akapata kuku mwingine na ujira wa nfumu, akarudi na mama yake mgongoni kwa Mwandu. Alifikiri kwamba wangepata picha nyingine, ile ya kwanza ingeachiliwa, na mguu ungekatwa. Mama alikuwa mwepesi. Minza alitema kwa shida. Kuku akapauka, akawa maji. Ndani alikuwa na madoadoa kama kanga, ini, mapafu, uti wa mgongo, mpaka nyuma ya jicho.

Daktari Novatus alimwinua kwenye dirisha, kisha akamshusha.

"Sasa hakuna cha kukata," alisema.

Huyo naye alifungwa mkanda. Mabingwa walifurahi kuwa na wawili wa kulinganisha.

Minza alikufa mchana, chini ya FIFI. Simu ikalia kabla Salu hajamfumba macho. Felisita alipokea, akasikiliza.

"Wanasema poleni sana," alisema. "Kuku wote wawili wamelala."

Baada ya matanga hospitali ilijenga banda. Watu walikuja kutoka Maswa, kutoka Shishiyu, kila mmoja na kuku wake chini ya kwapa, wakapanga foleni wakitaniana kuku wa nani amekonda. Mwandu aliajiriwa. Salu naye aliajiriwa, kwa kuwa alijua kumshika kuku asirushe mabawa.

Asubuhi moja akaja mzee aitwaye Bujiku, mwenye doa jeusi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alikuwa amelichokonoa kwa msumari.

"Mwangaluka, mayu. Wakishaona, wanakata lini?"

"Wanaangalia kwanza," Salu alisema. "Tema, baba."

Bujiku akatema. Jogoo akapauka, akawa maji. Doa lilikuwa kwenye kidole tu. Kinena kilikuwa safi, ini safi, mapafu safi, kweupe kote.

Daktari Novatus alimwinua kwenye mwanga, akatabasamu, akaagiza gari.