Nusu Yangu ya Picha

Mimi nikichora, hakuna mkono mwingine unaogusa picha yangu. Niliwaambia hivyo watu wa mtaa mzima, hata wasiouliza. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara nilimwambia akiwa ameniwekea wembe shingoni, na hata hapo sikupunguza chumvi.

Chumba alikipata dada yangu, binti wa mama mkubwa. Kilikuwa ghala la kamba za meli, hatua chache tu kutoka bandarini, na kuta zake bado zilinuka katani na chumvi. Tulizipaka chokaa, tukaosha dirisha kubwa la mbele mpaka barabara nzima ikaonekana, tukatoa takataka zote. Kilichobaki ni kiti kimoja cha mbao chenye mikono. Hicho kiligoma. Kilikuwa kipana kuliko mlango.

"Sasa walikiingizaje?" niliuliza.

"Labda nyumba ilijengwa kukizunguka," dada akasema. "Kiache. Kitakufaa, wewe kusimama huwezi."

Tulipanga kufungua ukumbi wetu wa picha kwa kazi moja kubwa ya wote wawili. Turubai pana la kuchorea, katikati mstari wa mkaa. Kushoto kwake, kulia kwangu. Yeye asubuhi, mimi mchana, kwa sababu mluzi wangu eti unamchafulia rangi. Na sharti moja: hakuna kugusa nusu ya mwenzako.

Kibao cha mlangoni kilikuwa tayari. Jina lake lilishakauka. Chini yake paliachwa nafasi.

"Ukimaliza nusu yako, naandika lako mbele ya wageni," aliniambia. "Usipomaliza, mdogo wangu, rudi kwa baba yako ukapange misumari."

Baba ana duka la vifaa vya ujenzi. Misumari naijua kwa saizi zake zote, na sikutamani kuijua zaidi.

Basi mchana wa kwanza nikala, nikashiba, nikakaa kwenye kile kiti nifikirie. Mimi na kufikiria hatujawahi kukaa pamoja bila mmoja wetu kusinzia. Nilipoamka jua lilikuwa limeshainama, brashi yangu ilikuwa imelowa, na kwenye nusu yangu palikuwa na chumba. Chumba chetu chenyewe, kama kinavyoonekana ukisimama mlangoni. Mbali kule ndani, kiti. Kwenye kiti, mtu mdogo kama njugu.

Nikajua ni dada, ananitania. Nikanyamaza. Nikimuuliza, nitakuwa nimekiri kwamba nililala.

Kesho yake akaja kuitazama, akainamisha kichwa. "Umeanza vizuri. Sikutegemea."

Nilimchunguza uso. Dada hajui kuficha kicheko, puani kinamponyoka. Hapakuwa na kicheko. Nami nikasema, "Subiri uone," kama mtu anayejua kitakachoonekana.

Mchana ule nilikusudia kukaa macho. Nikajifinya. Nikapiga mluzi nyimbo zote ninazozijua na mbili za kutunga. Usingizi ukanijia kutoka miguuni, taratibu, kama maji yanavyopanda ngazi za gati. Nilipoamka, yule mtu mdogo hakuwepo, wala hapakuwa na dalili kwamba aliwahi kufutwa. Mahali pake alikaa kijana mkubwa, kichwa kimelala begani, mdomo wazi. Shati lake lilikuwa langu. Aliyemchora hakuwa tena mlangoni. Alikuwa amesogea.

Ningetoka mbio, nakubali. Lakini nje, pale mlangoni, ile nafasi tupu kwenye kibao ilikuwa inanitazama. Nikakaa.

Siku ya mwisho picha ilikuwa uso tu, macho yamefumbwa, karibu kiasi kwamba ungehesabu vinyweleo vya mdomo wa juu. Nilihisi kitu kimekauka jichoni. Nikagusa kope, kidole kikatoka na rangi ya kahawia. Ndiyo ile ile ya uso ulio kwenye turubai. Mtu alikuwa ameijaribu kwenye ngozi yangu kuona kama imelingana.

Nilinawa mpaka sabuni ikaisha. Nikatoka kwenda kunyolewa kwa ajili ya wageni, na huko ndiko nilikopiga yale majigambo ya wembe shingoni. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko kawaida.

Jioni wageni wakajaa. Baba naye akaja, amevaa koti, akaikazia macho nusu yangu kama anayekagua bidhaa iliyorudishwa. Dada alikuwa mlangoni, mlango wazi, kibao mbele yake, brashi nyembamba mkononi.

"Kitu kimoja tu, Bingwa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mtu anajichoraje akiwa amefumba macho?"

"Kwa kioo," nikasema. "Nilikwenda kwa kinyozi, nikajitazama, nikahifadhi kichwani."

Watu wakaguna kwa heshima. Dada akatabasamu, akaanza herufi ya kwanza.

"Kwangu?" Kinyozi alikuwa nyuma yao, aproni bado kiunoni, nywele za mteja kwenye mikono ya shati. "Kwangu umekuja leo tu, dogo. Halafu kioo changu kinatazama dirisha lenu. Kila mchana nikinyoa nakuona humo kitini, mdomo wazi kama unasubiri kulishwa. Wateja wangu wote wanakujua."

Wakacheka. Nikacheka nao, nikiomba aishie hapo.

"Ila yule bibi anayechora," akaendelea, akiwapitia wageni kwa macho, "mbona simwoni? Hamkumwalika? Nywele nyeupe, zimeteremka mpaka kiunoni. Nywele kama zile kinyozi hazisahau. Leo mchana alikuwa amekuinamia, nikadhani anakubusu."

Kicheko kikafa kutoka nyuma kuja mbele. Baba akanitazama, kisha akakitazama kile kiti, na mtu aliyekuwa amekikalia akainuka polepole.

Dada hakugeuka. Brashi yake ilikuwa imesimama kwenye ile herufi moja, na rangi ilianza kuchuruzika.

"Mimi mchana huwa sipo," akasema. "Basi niambie, mdogo wangu. Niandike jina la nani hapa?"