Sauti ya Juu ya Appolinaire

Appolinaire alikuwa na vitu viwili ambavyo hakukubali mtu avidharau: sauti yake ya tena, yaani tenori, na kompyuta yake ya mezani, aliyoileta kwa pikipiki kutoka Mbarara hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa ameikumbatia kama mgonjwa. Cha tatu alikitaka na hakukipata, nacho ni kumwoa Eliane. Mama yake Eliane, Mama Marcienne, prezidante wa korali, yaani mkuu wa kwaya yao, alikwisha kumkataa waziwazi. Si kwa umaskini, alisema, maana huku kambini tajiri ni nani; ni kwa kiburi. Kijana yule tangu aote ndevu hajasikika hata mara moja akisema amekosea.

Sasa korali ilikuwa imerekodi wimbo wake wa kwanza nyumbani kwa Appolinaire, na wimbo ulikuwa mtamu isipokuwa sauti ya juu ya Mama Marcienne, iliyokuwa ikipanda peke yake, ikafika kusikofikika, ikashindwa kushuka. Nani angemwambia? Wanakorali wakamwendea Appolinaire kwa siri, naye akatengeneza nakala mbili za wimbo: moja yenye Mama, ya kusikilizwa na Mama, na moja bila Mama, ya kusikilizwa na dunia. Mpango haukuwa na shida, kwa kuwa korali ile ilikwisha kujiwekea sheria: wimbo ukirekodiwa, wa kwanza kuusikia ni prezidante, peke yake, ekutere zimemfunika masikio. Wengine husikia baadaye, kwa bafle, lile boksi kubwa la sauti linalowekwa uani.

Aliyeuvuruga mpango ni mzee Rwakabuba, mwenye ukumbi wa harusi kule Nyamitanga. Alikuja mwenyewe kusikia kama korali inamfaa. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, na mtu wa bodaboda wake anapiga honi. Akasema ausikie sasa hivi au aende zake. Mama Marcienne akasema sheria ni sheria. Wakamgeukia Appolinaire, naye akajibu kwamba kwa mashine yake hakuna kigumu: watasikiliza wote kwa wakati mmoja, Mama chumbani kwa ekutere, mzee uani kwa bafle.

Akafungua nakala zote mbili, kila moja kwenye programu yake, akaenda kuchagua ipi itokee wapi. Kompyuta ikampa majina mawili: Spika, na Spika 2. Ekutere na bafle vyote vilikuwa vya bei ya chini na vyote vilijitambulisha kwa jina hilo. Asubuhi Spika 2 ilikuwa bafle, hilo alikuwa na hakika nalo. Asilolijua ni kwamba umeme wa sola ulipokatika mchana na kurudi, mashine ilikuwa imevibadilishia majina. Mtu mwingine angejaribu kwanza. Appolinaire hajaribu, Appolinaire anajua. Akabofya.

Mama Marcienne akafumba macho, akaanza kuimba kuufuata wimbo. Ulikuwa wimbo usio na sauti yake, lakini kwa vile aliimba mwenyewe kwa nguvu zote, hakujikosa hata kidogo. Machozi ya utamu yakamtoka.

Uani, bafle lilikuwa linammwaga Mama Marcienne wa pili. Wa chumbani na wa uani hawakukutana popote. Appolinaire akachungulia dirishani, akamwona Rwakabuba ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na nyuma yake Eliane anazungusha kidole: geuza, geuza.

Akageuza. Uani wimbo ukatoka safi, Rwakabuba akaanza kutikisa kichwa taratibu kuufuata wimbo, kofia imerudi kichwani. Chumbani, Mama Marcienne aliacha kuimba. Akasikiliza, uso umekunjamana, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akavua ekutere.

“Ni nani huyu?”

Appolinaire akauliza nani.

“Huyu mwenye kupiga makelele. Benzake banaimba muzuri, ye anabaharibia. Ni nani?”

Wanakorali walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni. Mama Marcienne hakuwa amewahi kujisikia kwenye mashine maisha yake yote. Akawatazama wanawake mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akatazama miguu yake. Macho yalipofika kwa Eliane, ambaye naye huimba sauti ya juu, yakasimama hapo, yakaanza kuwa makali.

“Ni mimi, mama,” Appolinaire akasema.

“We? Mwanaume?”

“Nilitaka kuongeza sauti ya juu.” Kisha akasema neno ambalo tangu aote ndevu hakuwahi kulisema: “Nilikosea.”

Matena wenzake wakashikwa na kikohozi, wote kwa pamoja. Mama Marcienne alimtazama kijana kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

“Ni mubaya sana, mwana wangu,” akasema kwa upole. “Usirudilie kuimba ivyo mbele ya batu. Lakini umesema umekosea, na mimi nimesikia. Siku ya Mungu ulete bazee benu, tuzungumuze.”

Rwakabuba aliichukua korali, akaondoka kabla ya mvua. Lakini tangu siku hiyo Appolinaire hapiti bombani bila vijana kumwomba awapandishie kidogo ile sauti ya juu. Zamani angekuwa amekwisha kumkunja mtu shati. Siku moja akamwendea Eliane, aliyekuwa anaanika nguo, akamsihi aseme ukweli, angalau kwa wale vijana wa bombani.

“Niseme,” Eliane akamjibu, kibanio mdomoni, “alafu niolewe na nani?”