Dirisha la Nice

Saa moja na nusu jioni Mzee Projest alibana karatasi mezani kwa klipu, barazani kwake Isamilo, akaanza kuuchora mji unavyoingia usiku. Alikuwa mchora ramani serikalini, sasa mstaafu. Meza hiyohiyo aliketi jirani yake Mehjabeen, mjane wa muuza vipuri. Rangi za maji alifundishwa na Projest mwenyewe.

"Taa haipakwi, Mama Aftab," alimwambia siku ya kwanza. "Paka giza pembeni. Taa iachie karatasi."

Mehjabeen akaiachia. Kila dirisha aliloliacha jeupe pichani liliwaka kweli kwenye mlima wa mbele yao, kule ambako nguzo za umeme zilifika katikati ya mawe zikaishia hapo, mwaka wa tisa sasa. Wenye nyumba walizima vibatari vyao wakaendelea kula. Kesho yake mmoja wao, Shimba, alileta samaki, sato wawili, na kumkumbusha Mehjabeen kwamba dirisha la jikoni kwake Shimba limesahauliwa.

"Na hizi za mzee zinawaka lini?" akauliza.

"Zangu ni sanaa," akajibu Projest.

Wiki tatu Projest aliacha madirisha meupe. Halikuwaka hata moja. Mkewe, Justa, akahamishia kiti chake upande wa Mehjabeen, aone vizuri.

Ijumaa Mehjabeen aliingia ndani kuswali Isha, picha yake ikibaki inakauka. Projest akachovya brashi kwenye rangi ya nili, akajaza kidirisha kimoja cha picha ile. Mlimani taa moja ikazimika. Akasubiri kidogo, ahakikishe. Usiku ule alikula ndizi sahani mbili.

Asubuhi akaja Nice, fundi cherehani wa mlimani, mkononi ana sare ya shule yenye mkono mmoja.

"Shikamoo, mzee. Mkeo anasema giza langu ni kazi yako."

"Marahaba. Ni yangu kabisa. Umeliona lilivyokaa?"

"Nimeliona. Naomba uniwashie, shule zinafunguliwa Jumatatu."

Lakini nili ikishanywewa na karatasi haitoki. Mehjabeen alichora picha nyingine, akaliacha dirisha lile jeupe, likabaki giza. Nice akahamishia cherehani kwa jirani.

Wiki iliyofuata watu walianza kumfuata Projest pia: watoto hawalali, mzee, tuzimie. Akawazimia, kwa foleni.

"Na Nice je?" Justa akamuuliza.

"Mimi ni wa kuzima."

Kisha akamwomba Mehjabeen ile picha ya Ijumaa, na chini ya dirisha jeusi akaandika jina lake mwenyewe lote, kwa herufi kubwa za ramani.